Fomu Thelathini za Mjomba

3 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Habari za mgongo? Mama aliniambia mwezi uliopita ulikuwa huwezi hata kuinama kufunga kamba za viatu, nikasikitika. Mimi sijambo, ila nimekichoka chuo, na chuo nacho kimenichoka.

Nina shida. Mwaka huu ndio wa mwisho na ninaurudia, kwa hiyo nikianguka tena naondoka bila cheti. Kazi ya mwisho ni kutengeneza video ya wimbo mmoja. Lakini kabla ya kupewa kamera, kila mwanafunzi lazima achague aina ya muziki, aichunguze, kisha athibitishe kwamba ina hadhira, yaani watu wanaousikiliza leo: ni kina nani, wana umri gani, wanausikilizia wapi na kwa nini. Wenzangu wote wamechagua muziki wa vijana. Mimi nimechagua muziki wenu wa bendi. Mwalimu alinitazama kama mtu aliyeagiza chai kwenye duka la viatu. Akaniuliza, "Huo bado una wasikilizaji, au una historia tu?" Nikamwambia mjomba wangu anapuliza tarumbeta kila Jumamosi, mwaka wa thelathini na moja huu, na haiwezekani iwe anavipulizia viti.

Humu ndani kuna fomu thelathini. Tafadhali wagawie watu wanaokuja ukumbini wazijaze. Jina halitakiwi, ni kazi na umri tu. Nimeona niandike kwa sababu nikikupigia simu unasema "sawa" mara tatu unakata. Nazihitaji kabla mwezi haujaisha.

Mpwa wako,
Maswali


19 Februari

Mpwa wangu Maswali,

Marahaba. Mgongo upo, hauna pa kwenda. Mama yako mzima, anasema ule vizuri na uache kukaa na nywele mbichi. Naandika nikiwa humu chumba cha dobi, mashine inazunguka, na mashuka mia na arobaini ya hoteli yananingoja mimi na pasi.

Fomu zako hizo, thelathini kamili, hakuna iliyobaki tupu. Watu walizigombania. Nilizigawa tulipopumzika baada ya nyimbo tano za kwanza, wengine wakajaza wamesimama, wengine wakaegemeza karatasi kwenye mgongo wa mwenzao. Ndiyo maana utaona miandiko mingine imelala. Swali la sita limewachosha. Ukimuuliza mtu mzima "muziki huu unakupa hisia gani na kwa sababu zipi" anajiona yuko kwa daktari.

Mwambie huyo mwalimu kwamba wasikilizaji wapo, tena wana adabu zao. Usiwe na wasiwasi. Kinachonisumbua mimi ni uchovu tu. Hapa kazini tumepunguzwa, na tuliobaki tunapiga pasi za walioondoka. Jumamosi nikitoka naenda moja kwa moja ukumbini, nguo zikinuka sabuni.

Mjomba wako


27 Februari

Mjomba wangu wa pekee,

Shikamoo, na leo naisema mara thelathini. Mgongo unaendeleaje? Kama hujanunua ile dawa ya kuchua, nunua.

Nilizisoma fomu nimekaa sakafuni chumbani na sikuinuka mpaka zikaisha. Wenzangu wameletewa "ni mzuri" na "unachangamsha". Mimi nina fundi saa wa miaka sitini na tatu anayekaa karibu na spika ya kushoto kwa sababu sikio lake la kulia limekufa. Nina dereva wa gari la taka anayeoga mara mbili kabla ya kuja, asije akakosa mtu wa kucheza naye. Nina muuguzi mstaafu, fomu namba kumi na nne, aliyeandika: "Mikono hii imefunga macho ya watu wengi kazini. Jumamosi nacheza ili isahau." Hiyo niliisoma mbele ya darasa. Mwalimu akasema huo ndio utafiti bora alioupokea mwaka huu. Mimi, Mjomba, niliyefelishwa mwaka jana.

Sasa nisaidie kumalizia. Video yangu itakuwa ni hao thelathini wakicheza, basi, sihitaji kitu kingine. Kamera nimepewa kwa siku moja tu, Jumamosi ya tarehe 28 Machi. Waambie waje wote, na kila mmoja akae pale anapokaa siku zote. Nijibu upesi ili nijue.

Mpwa wako mwenye furaha,
Maswali


12 Machi

Mjomba,

Shikamoo. U mzima kweli? Nimepiga simu mara sita. Mama anasema unaenda kazini na unarudi, ila chakula unakichokonoa tu. Kama unaumwa, sema. Kama ni ile tarehe 28 haiwezekani, nayo sema, bado naweza kuomba siku nyingine. Nimebakiza wiki mbili.

Mpwa wako


16 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Siumwi. Natumaini nawe hujambo, ingawa ukifika mwisho wa barua hii sijui utakuwaje. Nimeianza mara nne.

Fomu zile nilizijaza mimi. Nne tu ndizo za kweli: ya mpiga gitaa, ya mpiga ngoma, ya mama mkata tiketi mlangoni, na ya bwana mmoja mlevi aliyeingia kukwepa mvua. Hizo ishirini na sita ni mkono wangu. Nilikaa na kalamu tano siku zangu mbili za mapumziko nikibadilisha mwandiko, na nyingine nikaandika kwa mkono wa kushoto mpaka kidole kikafa ganzi.

Nilizipeleka ukumbini kweli, sikuzificha. Lakini Jumamosi ile waliokuja walikuwa watatu, na wawili kati yao walikosea mlango. Mambo ndivyo yalivyo huu mwaka wa nane. Wakifika kumi tunakonyezana kwa furaha. Nikaona aibu, mwanangu. Wewe ulishamwambia mwalimu kwamba sivipulizii viti, na viti ndivyo ninavyovipulizia.

Ila sikuwabuni. Wote hao walikuwa wakija. Fundi saa alikaa kwenye spika ya kushoto miaka kumi na mitano. Yule muuguzi aliniambia maneno yale mwenyewe, pale nje penye ngazi, naapa. Niliandika ambayo wangeandika kama wangekuwepo. Nikadhani ni karatasi za shule tu, zitahesabiwa na kufungiwa kabatini. Sikujua utataka kuwaona.

Ukitaka kunifokea, nifokee. Haki yako.

Mjomba wako


20 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Leo sina nguvu ya kuuliza hali.

Nilifikiria kusema kwamba wazee waliugua wote siku ya kamera. Nikauzungusha uongo huo kichwani siku nzima, nikachoka nao kabla hata sijautumia. Asubuhi yake nikaenda kwa mwalimu nikamwambia kila kitu. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Hakufoka, na afadhali angefoka. Utafiti wangu wote umefutwa. Amenipa mpaka tarehe 20 Aprili nilete mwingine, na hata ukiwa mzuri vipi hautapata zaidi ya alama ya kufaulu kwa shida. Kamera imesogezwa mpaka Jumamosi ya tarehe 25 mwezi huo huo.

Nina hasira na wewe. Mwalimu hakunidanganya, darasa halikunidanganya, umenidanganya wewe. Ungeniandikia kwamba ni watatu, ningeandika watatu, na video ingekuwa ya watatu. Mimi ningeona aibu gani? Nimesimama mbele ya watu na maneno ya yule muuguzi, kumbe namsoma mjomba wangu na kalamu zake tano.

Nitachukua wimbo wa kijana mmoja wa bweni la pili. Wasikilizaji wake wako mpaka bafuni. Usihangaike tena na mambo yangu.

Mpwa wako


8 Aprili

Mpwa wangu,

Hujambo? Hata kama hutaki kunijibu, naomba unisome. Mwishoni kuna fomu kumi. Safari hii kila mtu kajaza mwenyewe, na ambao macho yamechoka wamenitajia majibu nikaandika, kisha wakatia sahihi. Mwalimu wako akitaka, aje nimpeleke mlango kwa mlango.

Tangu barua yako, kila nikitoka kazini nimekuwa nikitembea kuwatafuta wale ishirini na sita. Kumi na mmoja wamekufa. Kifo cha fundi saa nilikijua, vya wengine nimeambiwa mlangoni, na nimetoa pole nyingi za kuchelewa. Wanne walihama. Wawili hawakutaka. Mmoja wao alisema muziki wetu hakuupenda hata siku moja, alikuja kumchunga mumewe. Wamebaki tisa.

Muuguzi yu hai, anakaa kwa mwanawe ghorofa ya tatu, na ngazi zile zimenitoa roho. Nilimsomea yale maneno ya mikono na macho ya watu. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema, "Mimi? Sijasema hivyo. Nilikuwa nakuja kwa sababu nyumbani kulijaa wakwe." Basi hata lile nililokuapia, nimelitunga. Nikiapa tena, usinisadiki.

Lakini sikiliza hili, maana ndilo nililokwenda kulipata bila kulijua. Wote tisa nimewauliza kwa nini waliacha kuja. Wote, kila mmoja kwake, wamenijibu jambo moja: tunaanza saa nne usiku, na saa tatu wao wamekwisha kumeza dawa na kuzima taa. Dereva wa gari la taka ameniuliza mbona hatuanzi saa kumi jioni. Miaka minane tumewalaumu vijana, tumelaumu redio, tumemlaumu mpaka mwenye ukumbi na taa zake, na hatukumuuliza hata mtu mmoja.

Fomu ya kumi ni yangu mwenyewe. Swali la tisa linauliza kama nitaendelea na muziki huu miaka mitano ijayo. Nimejibu hapana. Nimechoka, mwanangu, nimechoka kweli kweli. Niliogopa kuwa wa kwanza kulitamka. Juzi niliwaambia wenzangu, na mpiga gitaa akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia. Mpiga ngoma alinuna, akasema dansi la jua kali ni mambo ya sherehe za shule, lakini amekubali kwa mara moja. Tarehe 25, saa kumi jioni, tutapiga mara ya mwisho. Ukija na kamera au usipokuja, tutapiga.

Mjomba wako


11 Mei

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mgongo unasemaje baada ya siku ile? Mimi mzima, nimelala siku mbili mfululizo tangu matokeo yatoke.

Nimefaulu. Nimepita kwa alama mbili, lakini cheti hakiandikwi alama. Ule wimbo wa kijana wa bweni niliuacha nilipopata barua yako. Utafiti wa fomu zako kumi mwalimu aliusoma mbele yangu, na alipofika kwenye saa nne na saa kumi akapiga mstari chini yake na kuniuliza nani aligundua. Nikamwambia ni dobi mmoja.

Video ndiyo iliyonigombanisha na mwalimu. Kuna kitu hukijui, na niliwaomba wote wasikwambie mpaka nikuandikie mwenyewe. Kwenye wimbo wa nne, ulipomaliza kupuliza, ulikaa kwenye kiti chako, ukaweka tarumbeta mapajani, ukalala. Si kusinzia, ulilala. Mpiga gitaa alipoona zamu yako ya pili inakaribia akakutazama, na nikadhani atakugusa bega. Muuguzi akamkataza kwa kidole. Mpiga ngoma, yule aliyenuna, akaweka vijiti chini akaanza kupiga kwa vidole. Waliokuja walikuwa saba kati ya wale tisa, na hakuna aliyeacha kucheza. Walianza tu kuinua miguu polepole wasikwaruze sakafu. Zamu yako walikuachia wazi, ngoma na gitaa vikasubiri kimya muda ule ule ambao ungepuliza, kisha wakaendelea. Wimbo ukaisha hivyo, na hakuna aliyepiga makofi.

Mwalimu alisema nikate sehemu hiyo, mwanamuziki akionekana amelala video imeharibika. Nikamwambia aliniagiza nimletee hadhira, na hadhira yenyewe ndiyo hiyo. Sikukata. Alinipunguzia alama tano, na moja zaidi kwa sababu picha inatikisika mwishoni.

Mpaka dakika ile nilikuwa bado nimekukasirikia. Inatikisika kwa sababu nilikuwa nalia. Jumamosi baki nyumbani, Mjomba.

Mpwa wako,
Maswali