Kwa Mama Futi: Kamba Yako Haijahama

Mwaka umezunguka, mama watoto, tangu utuache pale gatini asubuhi, tumekulaza kwenye benchi, kichwa chako mapajani mwangu, tunatazama maji yasiyo na boti. Niliambiwa nitazoea. Sijazoea, nimechoka tu.

Haya nayasema mimi, anayeandika ni binti yetu. Ameshanikatiza mara kadhaa: "Baba, punguza ukali, hili ni tangazo la kumbukumbu." Nimepunguza. Haya ndiyo yaliyobaki.

Tunakumbuka chumba chako cha kushonea. Cherehani dirishani, pini mdomoni, futi shingoni kutwa nzima mpaka unakuja nayo mezani wakati wa kula. Ndiyo maana mtaa mzima ulikuita Mama Futi. Mteja akivuta tumbo ndani, wewe hukubishana naye. Ulisimama tu, unangoja. "Pumua, shoga. Gauni utalivaa ukiwa unapumua."

Tunakumbuka siku Dada wa Vipimo, yule binti msomi wa mradi wa bahari, alipokuja kutafuta watu wa kujitolea. Alitaka wananchi wenyewe tupime nyasi za chini ya maji, zile ambazo samaki wadogo hujificha na kukulia humo, ili ijulikane kama zinaongezeka au zinakufa. Wengine waliuliza kama kuna posho. Wewe uliuliza zinapimwaje. Akaeleza kwamba kamba hufungwa kwenye vigingi viwili vya chuma, mahali pale pale siku zote. Bahari ikipwa, maji yakitoka, mnaifuata. Penye fundo mnalaza fremu ya mraba, mnaangalia nyasi zimefunika kiasi gani, mnaandika. Na fremu inalazwa pale kamba iliposema, si pale macho yalipopapenda. Pasipo na kitu, mnaandika hapana kitu.

Ukacheka. "Hii kazi naijua," ukasema.

Kigingi cha upande wa maji kilipoliwa na kutu kikakatika, tuliahidiwa kingine. Tunangoja mpaka leo. Ndipo nikawa nasimama mimi juu ya kisiki chake, maji magotini, nimeshika ncha ya kamba. Ukanipa jina.

"Kigingi, usitingishike."

"Baridi inaniuma."

"Kigingi hakisikii baridi, mume wangu. Simama."

Wenzako wa kikundi cha kupima walicheka mpaka fremu ikawaponyoka. Jina limenigandia. Hata muuza duka ananiita hivyo, na watoto wake pia, bila haya.

Halafu wakubwa wakachimba njia ya boti kubwa, wageni washuke bila kulowa viatu. Tope likaja likalala juu ya nyasi. Kila mkienda, fremu zenye nyasi zimepungua. Uliyapeleka majibu ofisini kwa mradi. Ulirudi, ukavua kandambili mlangoni, ukakaa, ukaniambia neno moja: "Yamepokelewa." Ukaenda tena, yakapokelewa tena. Wewe hukuwa mtu wa hasira. Mimi ndiye niliyekasirika kwa niaba yako, na bado sijamaliza.

Sasa asubuhi ile. Kifua kilikubana, mganga wa zahanati akasema uvushwe upesi, upelekwe hospitali ya ng'ambo. Wavuvi walikuwa wameshatoka. Lakini mradi una boti, na mkuu wa mradi alisimama mkutanoni, nimemsikia kwa masikio yangu: "Akina mama, boti hii ni yenu, mkipatwa na lolote." Hilo lolote lilipokupata, boti ilikuwa imewapeleka wageni kutazama samaki. Sisemi ingekuponya, mimi si daktari. Nasema ilikuwa yako na haikuwepo.

Ulitazama ufukweni ukasema, "Maji yanatoka. Waambie wasiningoje." Ndilo neno lako la mwisho kwangu. Wenzako walikuwa nyuma yetu, wamesimama na kamba begani. Hakuna aliyekwenda kupima siku ile.

Mwezi huu mkuu wa mradi alikuja nyumbani. Alikaa kwenye kiti cha wateja wako. Shoga yako muuza mkaa, ambaye sasa ndiye anayeongoza kikundi, alikuwepo, na Dada wa Vipimo pia. Mkuu akasema wanataka kukuenzi. Kibao chenye jina lako na picha, kamba mpya upande wa pili wa kisiwa penye nyasi nene, na mimi nikate utepe siku ya Jumamosi.

"Kamba yake haiko huko," nikamwambia.

"Mzee wangu, kule kwake hapana kitu. Mgeni utamwonyesha nini?"

"Utamwonyesha hapana kitu."

"Tusiangalie nyuma, mzee. Tunaanza upya."

Hapo nikamwelewa. Kamba ikihama, vipimo vinaanza upya penye neema, na tope la njia ya boti linakuwa halikuwahi kutokea. Na kitakachotumika kulifunika ni jina lako. Nikamwambia amalize chai yake aende.

Hakwenda upesi. Akamgeukia muuza mkaa, akamtaka akaking'oe kile kigingi kilichobaki ufukweni.

"Tumejaribu, bosi. Kimekwama."

"Mmejaribu lini?"

"Tutajaribu kesho. Tutakuta kimekwama."

Dada wa Vipimo aliinamia kikombe chake, uso wake sikuuona.

Kwa hiyo, mama watoto, Jumamosi hii hatutakwenda kwenye kibao. Maji yakitoka tutakuwa kwenye kamba yako, upande wa tope, na yeyote aliyekupenda aje, avae viatu asivyovionea huruma. Muuza mkaa atalaza fremu. Binti yetu ataandika. Mimi nitakuwa juu ya kisiki changu. Najua tutakachokikuta. Patakuwa hapana kitu, na tutaandika hapana kitu, kwa herufi za kusomeka, tupeleke ofisini wapokee tena.

Na nyumbani ni hivyo hivyo. Dada yako alinishauri nisogeze kitanda katikati na cherehani niitoe dirishani, ili nyumba isionekane ina pengo. Nia yake njema, sikumkaripia. Lakini sijasogeza kitu. Pengo liko pale pale lilipo, na kila asubuhi nikiamka ndilo ninalolikuta kwanza.

Unakumbukwa na mimi mumeo. Na binti yako mwalimu wa chekechea na mumewe. Na mwanao fundi wa majokofu. Na dada yako. Na wajukuu wanaogombania kopo lako la vifungo. Na muuza mkaa na wenzako wote wa kamba.

Hatujakusahau hata siku moja, Mama Futi, wala hatutakusahau. Nimesimama. Sitingishiki.