Kimya Kwenye Rekodi Zako za Mwisho

Mzee wangu,

Nilipiga besi jana na vidole bado vinaniuma, kwa hivyo usinilaumu kwa mwandiko. Nina habari tamu na nimekosa wa kumwambia kama si wewe. Rekodi zako za mwisho zimetoka salama, ingawa zilikaribia kukatwakatwa.

Ulipopata kiharusi na mkono wa kushoto ukabaki na vidole viwili vya kutii, watu wa Meru mjini walisema gitaa la Mzee limekwisha. Walikuzoea pale hotelini ukikimbia kwenye nyuzi, shati limelowa jasho, mimi nyuma na gitaa langu la besi nikihema kukufuata. Ukarudi zako Kanyakine, ukapanga magunia ya viazi kwenye kuta za stoo ya ndizi ili sauti isirudi, ukaanza kujirekodi kwa simu. Jazi ya mkulima, ndivyo ulivyoiita. Mimi nilikuwa Nkubu na mtoto mchanga, sikufika hata mara moja. Ulinipigia tu ukasema, "Makena, lea mtoto, mimi niko sawa."

Baada ya mazishi yako, Mama Kinya wako alinipa ile simu tukaipeleka studio. Fundi pale ni Koome, mtu mzuri tu, lakini alisikiliza akakunja uso. Alisema mzee alikuwa mgonjwa, anapiga kidogo halafu ananyamaza muda mrefu. Alitaka kukata hizo sehemu za kimya na kubandika ngoma za kompyuta, nyimbo zichangamke. Mama Kinya akamwangalia, akamuuliza, "Hapo bwanangu anapumua. Nani amekutuma ukate pumzi ya bwanangu?"

Lakini haki, Mzee, hata mimi nilidhani Koome anasema kweli. Niliogopa. Niliona tutawapelekea watu sauti ya mtu anayeshindwa, na nisingevumilia wakuonee huruma.

Nikaomba turudie wimbo wa kwanza. Nikasikia kiti kikilia, kisha kimya. Wa pili, hivyo hivyo. Koome akasema kelele hiyo ya kiti ataifuta. Nikamzuia mkono. Miaka yote hotelini, ukitaka nipige peke yangu, hukusema neno. Uliegemea nyuma tu mpaka kiti kilie, ukanitazama kwa ule uso wako wa uchokozi. Kumbe kule stooni, peke yako na magunia, ulikuwa bado unaegemea. Ulikuwa unanipa zamu.

Sikuuliza mtu. Nilichomeka besi, kiti kilipolia nikaingia, na nilipomaliza tu wewe ukarudi, palepale, kana kwamba tulifanya mazoezi asubuhi. Nililia huku nacheka, makamasi na yote. Koome akavua vile vya masikioni akasema hafuti kitu.

Jana tulipeleka rekodi ukumbini Nkubu, wewe kwenye spika na mimi jukwaani. Yule rafiki yako muuza miraa, aliyesema siku hizi unapiga kama mtu anayechuma kahawa, tunda mojamoja, alikaa mbele amenuna. Wimbo wa tatu ulimkuta amesimama, anazungusha kofia. Mama Kinya alicheza mpaka kiatu kikamtoka, akakipiga teke pembeni akaendelea. Ulikosa mambo, Mzee.

Ila kwenye wimbo wa mwisho sikuingia. Nimekubali moyoni kwamba huo ni wako. Kiti kililia, nikalaza mkono juu ya nyuzi na kutulia. Koome alinikodolea macho kutoka kule nyuma kwenye mitambo, akidhani nimesahau. Hata watoto walinyamaza.

Nenda vizuri, Mzee wangu. Nakuahidi nitaendelea kuzipiga nyimbo hizi na wewe kila watakaponiita, na huo mmoja nitauacha wazi siku zote. Maana jana tulikaa kwenye kile kimya, ukumbi mzima tukikusubiri, na gitaa lako lilipoanza tena watu walipiga makofi kama umeingia mlangoni.

Makena wako