Risasi za Mstari Mmoja

Kaka Musyoka,

Bunduki yako iko kwangu. Shemeji Ndinda aliniletea hapa New Hope wiki tatu baada ya kukuzika, pamoja na mizani yako ndogo, mkebe wa baruti, kalamu ya wino, boksi la risasi zako zilizobaki na daftari la vipimo. Alisema wewe ungetaka niwe navyo. Nililia mbele yake, nikashukuru. Leo nakuandikia kwa hasira, na sijui hasira yenyewe niipeleke wapi.

Ni wewe uliyenifundisha kujaza risasi kwa mkono, kule chini ya nyumba yako Golden Valley. Kuokota maganda matupu, kuyasafisha, kubandika fataki mpya ya kulipulia, kupima baruti chembe kwa chembe, kukaza kichwa cha risasi juu. Ulisema magnamu, risasi kubwa ya dukani, ina mateke tu, shabaha yake lazima uitafute mwenyewe, kipimo baada ya kipimo. Halafu ukatia alama ya wino kwenye kitako cha kila ganda, kama wazee wetu Ukambani walivyotia alama mishale ili mnyama ajulikane ni wa nani. Zako mistari miwili, zangu mmoja; kipimo cha zote ulinipa wewe. Nililipenda sana jambo hilo. Huku ugenini ambako hakuna anayeweza kulitamka jina langu sawasawa, angalau nilikuwa na alama yangu.

Miaka mitano tulipokezana bunduki hiyo moja. Wewe kulungu kila Novemba, mimi matawi. Kwenye nyama choma za kanisa ulikuwa ukiwaambia watu, "Mutua anawinda miti," nami nacheka pamoja nao. Lakini msimamizi wangu kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi aliponihimiza niombe mafunzo ya chumba cha upasuaji, nilikuja kukuuliza wewe. Unakumbuka ulivyonijibu?

"Mkono wako una-shake, Mutua. Theatre utaua mtu. Baki na wazee wako."

Nikabaki na wazee wangu. Fomu nikairudisha tupu.

Basi nimelisoma daftari. Mwaka wetu wa pili wa kuwinda, kwa mwandiko wako mdogo: "Shabaha imepatikana. Matundu matatu, kidole gumba kinayafunika." Na chini yake: "Za Mutua zibaki kipimo cha zamani."

Zibaki. Nimelirudia neno hilo sijui mara ngapi. Nikatafuta maelezo, labda uliogopa kipimo kipya kingeniumiza, labda... Hakuna kitu. Jumamosi nikachukua maboksi yote mawili ya risasi, lako na langu, nikaenda uwanja wa shabaha, kule mbele ya Lakeville. Nilianza na zangu tatu, zikatawanyika kwenye karatasi kama kawaida yake. Nikaacha mtutu upoe. Kisha zako tatu, bunduki ile ile, bega hili hili. Nikatembea hadi kwenye karatasi, nikaweka kidole gumba. Kikayafunika matundu yote matatu. Nilisimama pale mpaka mzee wa uwanja akaniita nirudi, watu wanasubiri kupiga.

Ulinionea wivu wa nini, kaka? Mimi ndiye niliyekufunga tai ulipolala kwenye jeneza. Kama uliwataka kulungu wote, ungeniambia tu, ningekuachia. Mkono wangu ulikukosea nini?

Na bado nakulilia. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Jana nilikuwa napima baruti, nikajikuta nakuita uje uitazame mizani.

Shemeji hatajua, hilo nakuahidi. Daftari litakaa kwangu. Risasi zako zilizobaki nimezifuta mistari, na yeyote nitakayemfundisha atapiga kwa kipimo kile kile ninachopigia mimi. Jumatatu napeleka fomu ya upasuaji. Nimeshaijaza, kwa kalamu yako ile ya alama.

Kwaheri, Musyoka. Pumzika. Ila kwanza utazame mwandiko huu, uniambie ni herufi gani inayotetemeka.

Mutua