Mlango wa Abiria

Jumatatu, 3 Machi

Gari jeusi limeingia karakana asubuhi. Linang'aa mpaka kaka alijifuta mikono kabla ya kulisogelea. Mwenye gari anataka vitasa vya nje vitoke, milango yote minne. Tukate, tuzibe kwa bati, tuchomelee, tupake rangi — ubavu uwe laini kama yai. Milango itafunguka kwa rimoti. Kaka hajawahi kupata kazi ya aina hii, hata chai kaisahau. Ikitoka safi, anasema, mji mzima utatujua. Sawa, lakini mchomeleaji ni mimi.

Mke wa mteja alikaa garini muda wote. Nilimsalimia. Akamtazama mumewe kwanza, ndipo akaitikia.

Jumanne, 4 Machi

Bati la mlango ni jembamba. Ukichomelea mfululizo linajikunja, basi tena. Nukta moja, subiri ipoe, nukta nyingine upande wa pili. Mlango mmoja, saa tatu nzima, shingo imekakamaa. Kaka kafumba macho akapapasa, hakuupata mshono. Akapapasa tena. Nilifurahi kama mtoto.

Alhamisi, 6 Machi

Mteja kaja kukagua. Kasifia. Kisha akasema kitasa cha ndani nacho kitoke — mlango wa abiria wa mbele tu. Nikadhani nimesikia vibaya.

"Na upande wako?"

"Wangu acheni, dada."

Nikamwambia, betri ikifa, aliyekaa pale atatokaje?

"Atatoka nikimfungulia."

Akacheka. Kaka naye akacheka, kile kicheko chake cha kumridhisha mteja.

Baadaye nilimvuta kaka pembeni. Mambo ya mtu na mkewe hayatuhusu, alisema, sisi yetu ni mabati. Nikarudi kwenye gari.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekitoa. Skrubu mbili na kijiwaya, dakika kumi tu. Tundu nimeliziba kwa kipande cha ngozi, rangi ileile.

Kisha nikakaa kiti kile, nikafunga mlango. Nikashusha kioo, nikatoa mkono nje, nikapapasa. Laini. Hakuna pa kushika. Kazi yangu mwenyewe, na ni nzuri. Nilitokea upande wa dereva.

Chakula cha mchana kimebaki kwenye bakuli.

Jumamosi, 8 Machi

Mkewe kaja peke yake, kwa miguu. Kaka alikuwa kaenda kununua msasa. Kasema anapita tu. Akalizunguka gari taratibu, akasimama upande wake.

"Dada, mlango wangu unafunguliwaje?"

Nikamweleza ukweli wote. Hakushtuka, na hilo ndilo lililoniumiza. Mumewe alishamwambia: safari hii hutashuka tena njiani. Mwezi uliopita waligombana, yeye akafungua mlango kwenye taa nyekundu, akatembea mpaka kwa dada yake. Siku tatu. Kisha akafuatwa.

Rimoti zilikuja mbili kwenye boksi. Nimempa moja, nikamwonyesha kitufe cha mlango wake. Aliitia kifuani, akaniambia asante kama mtu aliyepewa maji ya kunywa, akaondoka.

Kaka sijamwambia.

Jumatatu, 10 Machi

Wamekuja kuchukua gari. Mke kaingizwa kitini, mlango ukafungwa. Mume akajaribu rimoti kwenye milango ya nyuma, mara tano, inaruka wazi yenyewe, tak, tak. Kaka anatabasamu mpaka gego la mwisho. Halafu mume akauliza, "Na ya pili? Hizi huja mbili."

Kaka akanigeukia. Nikasema iko stoo. Mume akanipa ya kwake nikalinganishe, nisije nikamletea ya gari jingine.

Niko stoo sasa. Daftari juu ya kopo la rangi. Naandika huku natafuta la kusema. Haipo humu, najua haipo. Niseme imepotea? Niseme ilikuja moja? Boksi alilifungua kaka mwenyewe.

Mume anauliza mbona nachelewa. Sauti ya upole. Afadhali angefoka.

Kaka ananiita. Mara ya pili sasa.

Tak.

Mlio huo naujua, ni wa kifungulio nilichokiweka mimi. Mlango wa abiria umefunguka. Na rimoti ya mume ninayo hapa, mkono wa kushoto.

Mume anamuuliza kaka nani kafungua.

Viatu vya mwanamke kwenye saruji. Haviendi mbio. Vimepita mlango wa stoo, vinaelekea getini. Sasa vya mwanamume, nyuma yake. Naacha kalamu, natoka