Maneno ya Mjomba Kabla ya Taa Nyekundu Kuwaka

Shangazi mshauri, nisaidie, nimefura na sitaki kuambiwa nivumilie. Mimi ni fundi sauti redioni, kazi yangu ni kukata vikohozi na "eee" za wageni kabla mahojiano hayajarushwa, na sasa chama kinawachuja wagombea wawili, mmoja mkunga wa zahanati, mwingine mjomba wangu, kaka yake mama, wote tumewarekodi na watasikika wiki ijayo kabla wanachama hawajapiga kura. Kabla ya kuanza huwa namwambia mgeni aseme chochote nipime kipaza sauti, na mashine inakuwa imeshaanza kunasa. Mkunga alisema, "Nimekunywa chai kavu, mkate wamemaliza watoto." Mjomba, aliyekuja na kofia kuukuu ya fundi viatu, akamgeukia mpambe wake: "Hii kofia inanuka, bwana! Na mwambie dereva alifiche lile gari, hawa walalahoi wasilione." Taa nyekundu ya kuanza mahojiano ilipowaka sauti ikageuka kuwa ya unyonge, eti yeye ni mtu wa chini, viatu vya watu ndivyo vilivyomlea, na mimi najua hajawahi kushona hata kifungo! Mtangazaji alipowauliza bei ya unga, mkunga akajibu papo hapo, mjomba akanyamaza mpaka nikadhani waya umechomoka. Sasa bosi anataka nimsafishe mjomba, kimya kile nikitoe, lakini mkunga nimwache na kigugumizi chake chote na jibu lake la unga nilikate, "muda hautoshi." Nilipomweleza mama akanijia juu: "Ndugu yangu wa tumbo moja unataka kumuumbua? Thubutu uone!" Nimeapa sikati. Tena nataka niyarushe yale ya kofia, kila mtu asikie. Kuna kosa gani?

Fundi Sauti

Fundi wangu,

Hasira yako naipenda, ila usiipe usukani. Bosi wako amekosea, tena pakubwa. Kumsafisha mmoja na kumwacha mwenzake na kigugumizi ni kampeni, na redio haikuwekwa hapo kumfanyia mtu kampeni. Umekataa? Umefanya vizuri, na usirudi nyuma hata hatua moja.

Sasa na wewe hebu nitazame usoni. Mjomba ulimwambia aseme chochote upime kipaza sauti, hukumwambia atasikika. Ukiyarusha hayo utakuwa unakata kwa chuki kama bosi anavyokata kwa mapenzi, na mkasi ni uleule. Halafu kuna jambo umelipita mbio mbio: bosi anajua huyo ni mjomba wako? Wasikilizaji je? Hukuniambia. Ungekuwa karibu ningekufinya sikio.

Kesho ingia ofisini, mtangazaji akiwepo, useme: "Huyu ni mjomba wangu, kazi hii aishike fundi mwingine, na wote wawili wasikike bila kukatwa tangu taa nyekundu ilipowaka." Kuhusu viatu, mtangazaji amwalike tena mjomba na amuulize waziwazi alishonea wapi na nani alimfundisha, na mkunga naye aulizwe maswali magumu vilevile. Bosi akigoma, mwombe airudie amri yake mbele ya chumba kizima cha habari. Mabosi wa namna hiyo hupatwa na kikohozi ghafla. Na akikufukuza, ondoka kichwa juu, ufundi wako unao mikononi.

Mama usimjibu kwa ukali. Mwambie nduguye hajaonewa, kisha unyamaze, hata akinuna mwezi mzima. Anampenda kaka yake, hilo si kosa.

Mahojiano yakisharushwa, mjomba atakuja mbio nyumbani kwenu, kofia ameisahau kwenye gari, akipiga kelele kwamba mmemwaibisha kwa kile kimya cha unga. Mpokee kwa heshima zote. Mwambie, "Shikamoo, mjomba. Hatukukata hata neno lako moja."