Fundo la Bluu Ulilolifuta

Nyumba Na. 9, mlango wa kijani,
Nyuma ya Kituo cha Zimamoto.
6 Septemba.

Mpendwa mdogo wangu,

Nakusalimu kwanza, kwa sababu mama alitufundisha kwamba hata anayekwenda kugombana hupiga hodi. Hujambo? Kifua kimepona? Baridi ya huko bado inakusumbua, au umenunua koti la maana badala ya lile la kupigia picha? Nijibu, nataka kujua kweli. Sisi huku hatujambo. Mama ni mzima, ila goti linamsumbua akipanda ngazi. Shemeji yako mzima, na wapwa zako wamekua hadi viatu vinawakataa.

Basi, salamu zimekwisha. Sasa kaa chini.

Nimekasirika. Nimekasirika hadi jana niliosha vyombo mara mbili bila kujua. Naandika barua badala ya kupiga simu kwa sababu nakujua. Kwenye simu una ulimi wa asali, utaniita dada kipenzi, utanichekesha, na nikikata nitakuta nimesahau nilichokuwa nakidai. Karatasi haichekeshwi. Binamu yetu dereva anasafiri kesho kuja upande huo, atakukabidhi mkononi, na nimemwambia asiondoke mlangoni hadi uifungue mbele yake.

Ni habari ya ule mfumo wenu wa kompyuta wa hospitali yetu.

Ulipokuja mwaka jana ulimweleza mama kazi yako. Ulisema wewe ni mchambuzi: unawasikiliza watu wanavyofanya kazi, unaandika mahitaji yao, halafu unawapa watengeneza programu ili wajenge kitu kitakachowafaa. Mama alijivuna wiki nzima. Alimwambia hadi fundi bomba kwamba mwanawe ameajiriwa kusikiliza, na mtoto huyo ndiye aliyekuwa haitiki akiitwa mara tatu.

Siku nne ulikaa ghorofa ya tatu, kwenye ule ukumbi wenye kiyoyozi, wewe na mkurugenzi na wakuu wa idara, mkibandika vikaratasi vya njano ukutani. Mimi, dada yako wa tumbo moja, nilikuwa chini kabisa ya jengo hilohilo, kwenye chumba cha kutakasia vifaa vya upasuaji, natokwa jasho mbele ya mashine ya mvuke. Ngazi arobaini na nane. Nimezihesabu juzi kwa hasira. Hukushuka hata mara moja.

Na nilikuomba ushuke. Ukasema ratiba imebana, tena mkuu wetu wa idara amekwisha kukueleza kazi yetu yote. Mkuu wetu wa idara! Mtu huyo akiingia kwetu huuliza choo kiko wapi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na wewe uliandika habari za kunguni kwa kumuuliza muuza vitanda.

Siku yako ya tatu, mchana, tulikula pamoja kwa mama. Nikaona kama hukushuka kwetu, basi nikuletee mezani. Nikakueleza habari za Bi Fundo. Ngoja nikukumbushe, maana wewe ni msahaulifu mwenye daftari.

Bi Fundo ndiye mkubwa wetu wa kazi, yule mama mfupi aliyenifundisha kila ninachokijua pale. Tunapofunga pakiti ya vifaa vya upasuaji, wakati mwingine kifaa kimoja kinakosekana. Koleo limelegea, au mkasi uko kwa fundi. Pakiti haiwezi kungoja, kwa sababu mgonjwa hangoji. Basi yeye hufunga juu ya pakiti kitambaa cha bluu, fundo moja. Muuguzi wa chumba cha upasuaji akikiona, kabla daktari hajagusa kisu, huagiza kinachokosekana kutoka kabati la akiba, mwisho wa korido. Hakuna anayepiga kelele wala anayekimbia. Ndivyo tulivyofanya kwa miaka thelathini na moja, na jina lake lilitoka hapo.

Ulicheka. Ukasema, "Hii tamu sana dada, ngoja niiandike," na ukaandika. Nilikuona kwa macho yangu haya. Nikala chakula changu kwa raha, nikidhani nimesema na mtu.

Mfumo ukaja. Kwenye skrini kila pakiti ina vitufe viwili tu: Kamili na Haipo. Ukibofya Haipo, pakiti inazuiwa, haitoki, na upasuaji unaahirishwa. Ukibofya Kamili, inatoka. Pungufu hakuna. Hata wewe una jino moja pungufu tangu ulipoanguka na baiskeli, na unatafuna vizuri tu, lakini kwenye mfumo wako kitu pungufu hakijazaliwa.

Tungefanyaje? Tulibofya Kamili, halafu tukafunga fundo letu. Sote. Mimi pia, mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Mwezi wa sita likabandikwa tangazo mlangoni: ni marufuku kuweka kwenye pakiti alama yoyote isiyo ya mfumo. Tulilisoma, tukanung'unika, tukaufyata. Hilo ni kosa letu na silikani. Bi Fundo peke yake ndiye aliyeendelea kufunga.

Wiki tatu zilizopita alifunga pakiti iliyokosa koleo moja la kubania mshipa. Mbeba vifaa, kwa kuliogopa lile tangazo, alikifungua kitambaa njiani akakitia mfukoni. Mgonjwa akapasuliwa, mshipa ukavuja, koleo halipo. Dakika nane, mdogo wangu. Dakika nane muuguzi alibana mshipa wa mtu kwa vidole vyake huku mwenzake akikimbia korido kwenda kabatini. Mgonjwa amepona, Mungu ashukuriwe. Ni fundi viatu. Nilikwenda kumwona wodini, akanishukuru kwa kazi yetu nzuri, nikashindwa kumtazama usoni.

Sasa anatafutwa wa kubebeshwa lawama, na unajua lawama ilivyo, hushuka ngazi upesi kuliko mchambuzi. Kompyuta inaonyesha kwamba namba ya Bi Fundo ya kuingilia mfumo ndiyo iliyobofya Kamili. Kwa hiyo amedanganya, wanasema. Kamati ya nidhamu itakaa tarehe ishirini na tano, na wakimwona na hatia watamfukuza kazi. Amebakiza mwaka mmoja astaafu.

Aliwaeleza habari ya fundo. Wakamjibu kwamba wameupitia waraka wote wa mahitaji ya mfumo, kurasa tisini, na hakuna mtu yeyote aliyewahi kulitaja jambo hilo, basi amelitunga baada ya kukosea. Mwanamke huyu anaitwa mwongo na watu aliowafundisha kunawa mikono! Alitoka mle ndani akaja moja kwa moja kwenye meza yake, akaendelea kupanga mikasi. Mimi ndiye niliyelia.

Nilirudi kwa mama nikiwa sioni mbele. Nikavuta droo nimtafutie dawa ya goti. Unajua mama hatupi karatasi. Zile kurasa za rasimu ulizoziacha ulipoondoka amezitandika kwenye droo zote za kabati, kwa fahari, maana ni kazi ya mwanawe. Na chini ya dawa ya goti palikuwa na ukurasa wa arobaini na moja.

Nakunukulia neno kwa neno. "Hitaji: alama ya pakiti pungufu. Chanzo: dada, mezani. Uamuzi: liachwe. Desturi ya zamani, itakufa yenyewe." Na pembeni, kwa kalamu nyekundu, kwa ule mwandiko wako wa kuku: "Mkurugenzi hataki kitufe cha tatu. Anataka mambo yawe mepesi."

Itakufa yenyewe! Ebo! Kidogo afe fundi viatu, siyo desturi.

Mimi sikusomea kazi yako, kwa hiyo nisahihishe nikikosea. Kusikiliza ni kushuka ngazi. Ni kusimama nyuma ya mtu asubuhi nzima bila kumfundisha kazi yake. Ni kumuuliza siku mambo yakiharibika hufanyaje, maana siku yakienda sawa hata mbuzi angeweza kazi yetu. Ukimwona mtu mzima anafunga kitambaa juu ya chuma kwa miaka thelathini, unamuuliza kwa nini, na akikujibu unamuuliza tena. Kisha unamrudia na ulichoandika, unamsomea, unamuuliza kama ndivyo alivyosema. Na mfumo ukiisha kujengwa, wa kwanza kuujaribu awe yeye mwenye mikono iliyoungua, siyo mkurugenzi anayebofya kwa kidole kimoja huku akipigwa picha.

Na wewe haya unayajua! Hapo ndipo panaponichoma. Ungekuwa mjinga ningekusamehe tangu jana. Safu ile ya "Chanzo" uliiweka wewe mwenyewe, ili kila neno lijulikane limetoka kinywani mwa nani. Halafu ulipoona neno hili limetoka mezani kwa mama na si ghorofa ya tatu, na mkubwa mmoja akakunja uso, ukalifuta kwenye waraka wa mwisho. Hukubishana. Hukuniuliza. Hukunipigia hata simu ya dakika moja kuniambia, dada, wamekataa, jihadharini. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, ndiyo maana uliutupa kwa mkono mmoja.

Nina jingine ambalo hukuwahi kuambiwa, kwa sababu mama hakutaka uvurugike katika mitihani. Mwaka ule alipopasuliwa, wewe ukiwa bwenini, pakiti yake ilitoka ikiwa na fundo la bluu. Makoleo yalikuwa pungufu mawili. Muuguzi aliliona fundo, akayaagiza kabla hawajaanza, na katikati ya kazi mama akavuja damu na yote mawili yakatumika. Mimi sikuwa nimeajiriwa bado. Bi Fundo alinionyesha daftari la siku ile wiki yangu ya kwanza kazini, jina la mama limeandikwa kwa mkono wake, na mbele yake neno moja: pungufu. Desturi hiyo ingekufa yenyewe mapema kidogo, leo tusingekuwa na wa kukutandikia droo.

Sasa sikiliza ninachotaka, na sitaki kingine. Ukurasa wa arobaini na moja niliupeleka kwa katibu wa kamati. Ameusoma mara mbili. Akaniambia karatasi ya kwenye droo haina mwenyewe, labda nimeichapa mimi. Itapokelewa tu kama aliyeiandika atakiri kwa barua, kwa jina lake na saini yake, kwamba hitaji lilisemwa, alilisikia, na aliliacha kwa kauli ya mkurugenzi.

Najua utakachoniambia. Utasema kampuni yenu inategemea kazi nyingine ya hospitali hiyo, na huyo mkurugenzi ndiye atakayewapa. Utasema ukiandika hivyo hutaitwa tena. Huenda ni kweli. Sitakudanganya kwamba haitakugharimu. Lakini yule mama anaweza kuitwa mwongo mchana kweupe kwa kosa ambalo mwandiko wake ni wako, na mimi siwezi kukaa naye meza moja nikijua hivyo. Usinitumie zawadi. Usinitumie pole. Usimpigie mama umlainishe, nimekwisha kumwambia yote, na yeye aliniuliza jambo moja tu: kama ulinisikia nilipokuwa nakueleza pale mezani. Nikamwambia ulisikia. Tangu hapo hajakutaja, na yeye hukutaja kila akimimina chai.

Kama utaandika, mpe binamu barua mkononi, anageuza gari siku ya tatu. Tarehe ishirini na tano haiko mbali.

Haya. Nisalimie mkeo, mwambie ule ushonaji wake wa mapazia ulitupendeza, na kwamba ugomvi huu haumhusu. Mkumbatie mwanao na umkague meno. Baba mdogo anakusalimu, bado anasimulia jinsi ulivyomtengenezea redio ikaharibika zaidi. Shangazi wa miwani anakusalimu pia. Wapwa zako wanauliza mjomba anakuja lini, nami nimewajibu mjomba atakuja akijifunza kushuka ngazi. Mungu akulinde njiani na kazini, akupe kifua chenye afya na masikio yanayofanya kazi hadi mwisho.

Nimefoka, na sifuti hata neno. Lakini nimekubeba mgongoni wewe kabla hujajua kutembea, na hilo nalo halifutiki.

Wako akupendaye, hata leo,

Dada yako.

Tanbihi, mgongoni mwa bahasha: Kitambaa cha bluu ulichokikuta kimefungwa kwenye bahasha si pambo. Fundo lile alilifunga Bi Fundo mwenyewe, jioni hii, alipopita kuniaga akitoka kazini. Nilimwomba tu anifungie, wala hajui nilichoandika ndani. Akakaza, akaniuliza pakiti hii imepungua nini. Nikamwambia, saini moja.