Usinijibu Poa

Dada yangu Neema, uliye mbali kwenye baridi,

Jioni hii mabati ya nyumba yangu hapa Lodwar yameanza kulia tena. Unakumbuka? Jua likizama yanapoa na kujikunja, ta, ta, ta, na mgeni hudhani kuna mtu anabisha hodi. Ya kule Kakuma ulikuwa ukiyaitikia, "Karibu," halafu unacheka peke yako. Leo nimeinuka na kufika mlangoni kabla sijakumbuka kwamba ni mabati tu. Hakuna aliyeniona, lakini nimeona aibu.

Nataka kukukumbusha neno letu. Tulikuwa tukiwafundisha watu wazima pale kambi ya wakimbizi, wewe na Kiswahili chako cha Bukavu, mimi na changu cha Kituruki cha shule... unaona, hata leo nikiandika kwa haraka nakosea, nilitaka kusema cha shule za kwetu Turkana. Ungenicheka. Siku ile niliandika ubaoni "halijoto", nikikusudia kiwango cha joto au baridi ya kitu. Ukalisoma kwa sauti, ukalikata katikati, ukadhani nimeandika salamu. "Hali?" ukaliuliza darasa zima. Kisha ukajijibu mwenyewe, "Joto." Nilicheka mpaka chaki ikanidondoka. Tangu hapo hatukusalimiana vingine, na ejok, salamu ya kwetu Waturkana, tukawaachia majirani.

Ndipo ukaleta glasi mbili, moja ya maji ya moto, nyingine ya maji ya mtungini. Ukadondosha karkade, ile chai nyekundu ya maua wanayoipenda Wasudani. Kwenye maji ya moto wekundu ulisambaa mara moja. Kwenye yale ya mtungi ulining'inia tu, kama uzi. Mama mmoja wa Sudan Kusini akauliza ni nani anayeusukuma, maana hakuona kijiko.

"Hakuna mutu anasukuma," ukamwambia. "Ni maji yenyewe iko natembea. Ya moto inatembea mbio."

Ukaeleza kwamba kila kitu kimejengwa kwa chembe ndogo mno, atomu, ambazo hazitulii hata kidogo, na kwamba tunapopima halijoto tunapima tu jinsi zinavyohangaika. Yule mama aliutazama mkono wake muda mrefu. Mimi nilikutazama wewe, nikawaza kwamba nimepata mtu.

Ulikuwa huipendi kabisa "poa" yetu Wakenya. Vijana wakikuambia wako poa, uliwakemea. "Chakula ndo inapoa," ulisema. "Mutu akipoa, amekufa." Wakawa wanakuchokoza makusudi.

Kisha safari yako ya ng'ambo ikaiva, ukapanda ndege. Darasa likafungwa, nami nikarudi huku Lodwar kufundisha sekondari. Mwanzoni simu yangu haikupumzika. Nikituma "Hali?" unajibu "Joto", hata siku uliponitumia picha ukiwa kwenye theluji hadi magotini, umevaa makoti mawili kama gunia la makaa. Baadaye majibu yakaanza kuchelewa. Mara ya mwisho nilituma "Hali?" na nikasubiri sana. Ukaandika, "Poa."

Neno moja tu, dada, nami nimeligeuza kila upande. Labda ulikuwa kwenye basi na vidole vimekufa ganzi. Labda umezoeana na Wakenya wa huko, wamekuambukiza. Sijakujibu, na wewe hujaandika tena.

Bado nachemsha chai ya vikombe viwili, mazoea mabaya. Chako hupoa mezani. Nawafundisha watoto wa watu kwamba joto hutoka penye joto kwenda penye baridi, kwamba halirudi lenyewe, na kwamba halipotei. Huenea chumbani mpaka kikombe na chumba viwe sawa. Ni kweli tupu. Lakini nikiishika meza, nikiushika ukuta, sioni mahali chumba kilipofaidika na chai yako. Joto lipo, ila limeenea mno hata halimfai mtu. Naogopa kwamba ndivyo tulivyo sasa. Hatujagombana, hatujanuniana, tumesambaa tu. Niko mpweke, Neema, na hapa mjini sina wa kumwambia hivyo.

Juzi nilifanya lile somo la karkade na wanafunzi wangu. Msichana mmoja akauliza, je, baridi ikizidi sana, atomu husimama? Nikamjibu kwamba hakuna aliyewahi kukipoza kitu mpaka zikasimama kabisa. Hata ndani ya barafu zinatetemeka palepale zilipo. Nilisema kwa sauti yangu ya ualimu, kisha nikageukia ubao nikajifanya nafuta, maana macho yalikuwa yamejaa.

Kwa hiyo nakuuliza tena. Kama neno letu umelisahau, sema umesahau, nitakufundisha upya. Kama huko ni baridi na huna nguvu za kuandika, andika "baridi", nitakaa nayo hiyo. Ila usinijibu poa.

Hali?

Ni mimi, dada yako wa Lodwar